Kupima Kifua Kiriri

Ule mwaka wa korona, Tajudini, fundi magari wa huku mtaani kwetu Buyenzi, aliacha kulala. Alikuwa ananijia asubuhi, barakoa kidevuni, nimsikilize kifua kana kwamba mimi dokta. Mimi nimezunguka tu, Uvira, Kalemie, Kigoma. Shule nimeisoma vipande vipande.

"Muzee, pumuzi inakata. Ule ugonjwa niko nao."

"Ni woga tu."

"We unajuaje?"

Nikatafuta la kumwambia. Kila Jumapili klabu yetu ya mbio hupanda mlima wa Kiriri, tunaimba na kupiga makofi. Nikamwambia mwenye korona hawezi kufika juu Kiriri. Akifika, mzima.

Nilitunga. Lakini alifika, na usiku ule akalala. Tangu hapo akawa anapanda kila asubuhi, hata peke yake. Gereji wakamsikia anacheka. Nilijisifu moyoni.

Jumapili moja alikuja macho mekundu, jasho linamtoka hata hatujaanza.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Apana. Leo ndiyo nataka kujua."

Kwenye mwinuko, penye majumba ya wakubwa, akabaki nyuma. Kwetu mtu haachwi: klabu nzima hugeuka, humzunguka, humpigia makofi mpaka aendelee. Tukageuka. Khaled, anayeongoza nyimbo, akamtania, "Fundi, batiri imekufa? Tukusukume?"

Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Niliiona, nikaendelea kupiga makofi.

Alifika. Akakaa chini, kaegemea ukuta wa jumba moja, akaninyanyulia dole gumba. "Umeona, muzee? Mi mzima."

Hakwenda kupimwa. Angeenda kutafuta nini? Alhamisi tukamzika, watu tisa, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkewe, Sumaya. Nilimkuta mlangoni amevaa raba za marehemu, kamba amezikaza sana kwa kuwa zinampwaya. Akakohoa ndani ya mtandio.

"Unaenda wapi, mama, nawe uko eda?"

"Kiriri. Mungu atanisamehe. Nikifika juu nitajua kama niko nayo."

"Apana. Ule mlima haupimi kitu. Nilimwambia vile ili alale."

Akanitazama.

"Yeye alikuwa anajua?"

"Apana."

Akakaa kizingitini, akainama kufungua kamba. Fundo likakataa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na sikuthubutu kumsaidia.