Walimshitaki Baba kwa Kuchoka

Neno walilolichagua lilikuwa "ngokolo". Kwetu Usukumani unaweza kumwita mtu mlevi akacheka nawe. Unaweza kumwita mchoyo, akakuuliza ni lini ulimwomba kitu akakunyima. Lakini ukimwita ngokolo, yaani mvivu, umemvua nguo mbele ya wakwe zake. Na jina hilo walimpa baba yangu, Ngassa, mtu ambaye mpaka mwaka juzi akishika jembe kwenye kundi la kulima, wapiga ngoma ndio waliohangaika kumfuata yeye.

Kosa lake lilikuwa kuchoka.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, mwano ulipolia. Huo ni ukelele wa hatari; ukilia, kila mwanamume wa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, huacha alichoshika na kukimbilia unakotokea. Ng'ombe sita wa jirani yetu Mabula walikuwa wameswagwa kutoka malishoni. Baba alichukua fimbo akatoka mbio na wenzake. Mzee Mayala, mtemi wa sungusungu kijijini petu, akampanga alinde kivuko cha mto peke yake, kwa kuwa miaka yote Ngassa ndiye mtu wa kuachiwa kivuko. Jioni walimkuta amelala kwenye mchanga wa mto mkavu, mdomo wazi. Nyayo za ng'ombe zilikuwa zimepita hatua kumi kutoka miguuni pake.

Wao waliona mtu aliyelala zamu. Mimi na mama tulijua alichokuwa nacho mwilini.

Mwaka jana, katika hospitali ya rufaa Mwanza, baba alikutwa na saratani ya tezi dume. Daktari alitueleza taratibu. Ugonjwa ule unalishwa na homoni za kiume, kwa hiyo atachomwa sindano ya tumboni kila baada ya miezi mitatu ili kuzishusha. Akamwambia na mengine: hamu ya unyumba itakwisha, joto litampanda ghafla na jasho kumtoka, kifua kinaweza kujaa kama cha mwanamke, misuli itapungua. "Na utachoka, mzee. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona." Baba aliitikia "sawa, daktari" kwa kila jambo. Tulipotoka nje ya geti akanishika mkono, akasema, "Ritha, haya yote yamebaki humo ndani."

Sindano ilifanya kazi yake. Kila tuliporudi, kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka, daktari anatabasamu. Nyumbani, baba naye alikuwa anashuka. Alianza kulima amevaa koti, jua la saa sita, kwa sababu hakutaka mtu aone kifua chake. Alilia redio ilipotangaza kifo cha mtu asiyemjua. Asubuhi moja nilimkuta kwenye kigoda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nilikwenda kisimani, nikarudi, nikawasha moto, nikachemsha uji. Kiatu kilikuwa bado mkononi.

"Baba Ritha, nikuvalishe?" mama alimuuliza.

"Niache."

Mgongo ungevunjika, wangembeba kwa machela na kumletea maziwa. Mguu ungevimba, wangeuona. Uchovu usio na kidonda hauna shahidi, na kijiji chetu hakimwamini mgonjwa asiyekuwa na cha kuonyesha.

Siku iliyofuata ile ya ng'ombe, tulipata habari kwamba baba atasimamishwa mbele ya baraza Jumapili, baada ya misa. Baba alitafuna habari hiyo mpaka jioni, ndipo akaniambia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo haendi Mwanza.

"Ni siku ya sindano, baba."

"Ndiyo. Siendi. Nikiiacha, nguvu zitarudi."

"Na saratani je?"

"Saratani haijawahi kuniita ngokolo."

Nilimwomba. Mama alimwomba. Alitazama ukuta tu.

Jumapili uwanja wa shule ulijaa. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, kama kawaida. Mzee Mayala akasimama na kutaja adhabu kabla hata ya kusikiliza kesi: ikithibitika, Ngassa atatengwa. Hasalimiwi, haazimwi kitu, haendewi msibani.

"Ngassa, ulilala, hukulala?"

"Nililala."

"Kwa nini?"

Baba alikuwa amevaa lile koti. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Angeweza kusema neno moja akatoka pale huru. Akasema, "Usingizi."

Watu wakaangua kicheko. Donatus, kijana wa hapo kijijini aliyekuwa ameshuka wiki hiyo kutoka machimboni Geita na miwani yake nyeusi, akapaza sauti kutoka katikati ya vijana. "Mama Ritha, mpumzishe mzee, bwana! Hilo duara gani linachimbwa usiku na mchana?"

Duara ni shimo la dhahabu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kicheko kilizidi mpaka watoto waliokuwa juu ya goli la mpira wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mama yangu, ambaye mumewe hajamgusa tangu sindano ya kwanza na hajalalamika hata siku moja, alijifunika kanga usoni.

Ndipo niliposimama.

"Shikamooni wazee. Baba yangu si mvivu. Baba yangu ana saratani ya tezi dume."

"Binti, kaa chini," alisema Mzee Mayala.

"Anachomwa sindano za kushusha homoni za kiume. Ndizo zinazomchosha. Ndizo zinazomtoa hilo jasho mnaloliona. Nguvu za kulima, za kukimbia, za kukesha, zote zilikaa hapo, na zimetolewa ili abaki hai. Mlimkuta amelala? Mimi nashangaa alifikaje mtoni kwa mbio."

Donatus akauliza, taratibu, kama mtu aliyegundua kitu kitamu, "Kwa hiyo mzee amehasiwa? Ni maksai?"

"Ndiyo, Donatus, kama unataka iwe hivyo. Na shamba la baba yako lililimwa na nani mwaka huu? Mlifunga fahali kwenye plau?"

Wanawake nyuma yangu wakapiga vigelegele.

"Maksai wetu hawalali mtoni," alijibu.

"Maksai wenu walihasiwa wakiwa wachanga. Baba alihasiwa ana miaka sitini na mitatu, na wiki iliyofuata alikuwa shambani. Wewe ukiumwa jino unalala siku tatu, mama yako anakukorogea uji. Kijiji kizima kinajua."

"Ritha!" Mzee Mayala alipiga fimbo chini. Akamgeukia baba. "Ngassa, maneno haya ni ya kweli?"

Baba alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo.

"Ni kweli," alisema. "Na huyu nilimkataza kuyasema."

Wazee walijitenga pembeni, wakarudi. Kesi ya baba ikafutwa, Mabula akinung'unika kwamba saratani haimrudishii ng'ombe wake. Halafu wakaanza ya kwangu. Binti amemvua nguo baba yake hadharani. Binti amelikatiza baraza la wanaume na kumtukana mtoto wa mwenzao. Kabla ya Alhamisi apige magoti, aombe radhi, la sivyo atatengwa yeye.

Donatus hakuambiwa kitu. Naandika hili ili lijulikane: aliyemdhihaki mama yangu mbele ya kijiji hakuambiwa kitu.

Siku tatu baba hakusema nami. Niliweka chakula, akala. Nilisalimia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama pembeni. Maneno yake yote yalipita kwa mama.

Jumatano saa tisa Mzee Mayala akaja, ameongozana na Mabula. Tuliwapa viti uani. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, koti amelivua, shati tu.

"Mwanangu," Mzee Mayala alianza, kwa upole kabisa, "hatukuja kugombana. Useme neno moja tu, tuondoke."

"Mwanangu, ni neno moja," mama alinong'ona.

"Nimwombe radhi nani, mzee? Mliomwita ngokolo mmeshamwomba yeye?"

"Hatukujua."

"Mngeuliza."

Mabula akatikisa kichwa. "Ngassa, mtoto wako anajibu hivi na wewe umekaa?"

Baba alisema na Mayala. "Kesho asubuhi nakwenda Mwanza. Sindano. Niandikie ruhusa, mwano ukilia nisitafutwe."

"Nilikuwa naiacha," aliendelea. "Niliona nikiiacha nguvu zitarudi, na nyie hamtajua kitu. Sasa mmejua mpaka watoto wa goli la mpira. Niiache kwa faida ya nani? Na nina miezi mitatu ijayo ya kuchoka, Mayala. Mkinipanga kazi, nipangeni ya kukaa."

Mzee Mayala aliinamisha kichwa. "Tutakupanga ya kukaa."

"Na huyu?" Mabula akauliza, akinielekezea kidevu.

Ndipo baba aliponigeukia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni hasira au ni yale machozi ya sindano.

"Mimi bado sijakusamehe," aliniambia.

"Sijaomba, baba."

Nikawageukia wageni pia, wasije wakaondoka na wasiwasi.

"Wala siombi."