Usista na Unabii

Kwa Mwau kule Mbooni simu haishiki ndani ya nyumba, haishiki jikoni, wala haishiki barazani ambako mtu angeketi akaongea kama binadamu. Inashika kando ya choo, juu ya jiwe moja, na hata hapo ni lazima ugeuze uso uelekee mji wa Wote. Kwa hiyo habari zote kubwa za boma lile, za harusi na vifo na bei ya avokado, zimepokelewa kando ya choo. Na hii nayo ilipokelewa papo hapo.

Aliyepiga alikuwa Ndinda, binti yake wa pekee. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepita vizuri, na sasa alikuwa Kitui kwa shangazi yake akijitolea na kikundi kinachojenga mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji mitoni. Kozi ya chuo alishachagua, unesi, na Mwau alishawatangazia wazee wenzake wa kanisa kwamba jamani, nesi anakuja. Ila muda wa kubadilisha kozi ulikuwa haujaisha. Mtandao wa kuchagulia kozi ungefungwa Ijumaa.

"Baba, nimebadilisha mawazo," Ndinda alisema. "Unesi siutaki tena. Nataka kusomea sasteinabiliti."

Hivyo ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Lakini kati ya Kitui na lile jiwe kuna milima na kuna upepo, na kilichoingia sikioni mwa Mwau kilikuwa "sista," kisha mkwaruzo, kisha "nabii," kisha kitu kama kikohozi.

"Unataka kuwa nini?"

"Nimeomba sana juu yake, Baba. Naona huu ndio wito wangu, wa maisha yangu yote. Nakuja Alhamisi tuongee. Lakini ukisema hapana, nitabaki na unesi."

Simu ikakatika. Mwau akajaribu kupiga, ikagoma. Alibaki amesimama juu ya jiwe akiwaza neno moja tu. Sista. Binti wa mzee wa kanisa, wa watu waliobatizwa kwa kuzamishwa mtoni mpaka maji yakawaingia puani, leo anataka kuwa mtawa wa Kikatoliki.

Alimkuta mama yake jikoni akichagua muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Mama huyo naye anaitwa Ndinda, kwa kuwa kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Ndiyo maana Mwau humwita binti yake "mwaitu," yaani mama, na mwenye jina la asili wote wanamwita Susu, bibi.

"Anataka kuwa sista," Mwau akasema. "Sista na nabii."

Susu hakuinua macho. "Unabii si neno. Hata kanisani kwetu wako. Lakini usista?"

"Ndivyo alivyosema."

Basi wakaanza kukumbuka, na mtu akianza kukumbuka kwa hofu, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mara ya mwisho alipokuja, Ndinda alikataa kuku. Alikuwa na sketi ya kijivu inayofagia vumbi. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akimtumia salamu alijibiwa kwamba Ndinda ana shughuli. Shughuli gani, na msichana amemaliza shule?

"Na alikuwa akizunguka shambani peke yake," Susu akasema, "akipiga magoti, akishika udongo. Mimi nikadhani ameangusha hereni. Kumbe anasali."

Mwau hakulala vizuri. Watu wangedhani ni mambo ya dini yanamsumbua, na yeye mwenyewe angependa iwe hivyo, kwa sababu hayo angeweza kuyasema mbele ya watu. Lililomuuma lilikuwa lingine. Mkewe Kathini alifariki Ndinda akiwa bado mdogo, na Mwau hakuoa tena. Alikuwa na mpango wake wa kimyakimya: Ndinda aolewe, watoto wa kwanza wapewe majina ya upande wa mume, ndiyo desturi, halafu siku moja azaliwe mwanaume mmoja aitwe Mwau. Huyo alikuwa akimngoja bila kumwambia mtu. Sasa masista hawazai. Angesema hapana, Ndinda angetii, kwa sababu ni mtoto wa kutii. Na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu, kwamba neno lake moja lingetosha.

Jumatano alishuka Kikima sokoni, akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi la Kanyi, mtu wa Nyeri, Mkatoliki pekee ambaye Mwau angeweza kumuuliza maswali bila habari kupanda mlima kabla yake. Akajifanya anatafuta misumari.

"Kanyi, huko kwenu, sista anaruhusiwa kuja nyumbani Krismasi?"

Kanyi akaacha kupima misumari. "Inategemea shirika, mzee. Wengine wanakuja."

"Na wanakula muthokoi?"

"Wanakula kila kitu. Kwani nani anakuwa sista?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Kanyi si mjinga. Alifunga misumari katika gazeti polepole. "Dada yangu ni sista, yuko Nyahururu. Ana furaha kuliko sisi wote tulio na mabibi na mabwana. Baba ndiye alikataa. Siku ya nadhiri zake za daima hakwenda, alibaki nyumbani akikamua ng'ombe. Sasa mzee hayuko, na dada kila tukikutana ananiuliza, kwani wale ng'ombe walikuwa wangapi."

Mwau alilipia misumari asiyokuwa na haja nayo. Akatoka, akasimama kidogo juani, halafu akaenda kwa akina mama wa mitumba. "Nyahururu ni baridi, sivyo?" akamuuliza wa kwanza. Akanunua sweta ya kijivu, nzito, shingo ndefu, ya kumfaa mtawa wa mahali popote.

Alhamisi Ndinda akafika, amepigwa na jua la Kitui, mkononi amebeba karatasi za mipango yake yote na kichwani amebeba hotuba. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwa shangazi yake. Susu alikuwa amechinja kuku makusudi, amjaribu. Ndinda akala paja, akala na shingo. Susu akamtazama mwanawe kwa mshangao, lakini Mwau alikuwa ameshasimama, na mzee wa kanisa akishasimama hakai mpaka amalize.

"Mwaitu," akasema, "sitaki uniambie kwanza. Nikikusikiliza nitalia. Nimekubali. Si kwamba nimependa, nimekubali. Kama Mungu amekuita huko, mimi ni nani? Siku yako ikifika nitakuja. Nitavaa suti. Wazee wakisema, waseme. Na mambo ya kuolewa na watoto, nimeyaweka kando. Chukua hii." Akamnyooshea sweta. "Naambiwa kwao kuna baridi."

Ndinda alishika sweta akiitazama pande zote. "Kwao kina nani?"

"Masista wenzako."

"Masista gani, Baba?"

"Si uliniambia kwenye simu? Sista na nabii."

Ndinda akalitamka lile neno ndani kwa ndani, silabi kwa silabi, na hapo ndipo lilipomfikia. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na sweta yake. "Sasteinabiliti," alisema alipopata pumzi. "Sa-stei-na-bi-li-ti. Ni kozi, Baba. Ya chuo kikuu."

"Na kuku uliyemkataa?" Susu akauliza kwa ukali.

"Nilikuwa naumwa jino, Susu."

"Na sketi?"

"Ya shangazi."

"Na kupiga magoti shambani?"

"Nilikuwa naangalia kama udongo unabebwa na maji."

Susu akaweka sahani chini, akajifuta macho kwa leso, mabega yakicheka. Mwau peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa akijishika magoti, na kwa muda hakujua kama ameaibika au ameokoka.

"Sasa hiyo ni nini?" akauliza mwishowe.

"Ni kujifunza kutumia ardhi na maji na miti bila kuvimaliza. Ili anayekuja nyuma yako naye akute."

Akamtandazia karatasi zake mezani. Digrii ya miaka minne. Likizo angerudi kwa kikundi cha Kitui, ajue mabwawa kwa mikono. Mwaka wa tatu angeomba mafunzo ya kazini kwenye ofisi za kaunti hapo Wote. Baadaye kuna kazi za tabianchi serikalini, kuna mashirika, kuna wanunuzi wa matunda wa ng'ambo wanaotaka kujua shamba linatunzwaje.

"Na ukikosa zote?"

"Inawezekana nikakosa. Haina uhakika kama unesi, sikudanganyi. Ndiyo maana niliogopa kukuambia."

Mwau akatazama nje mlangoni. Shamba lake lilikuwa limekatwa ngazi kwa ngazi na matuta ya fanya juu, yale ambayo ukichimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Kathini aliyachimba na wenzake wa mwethya, kikundi cha akina mama waliokuwa wakilimiana kwa zamu, wakiimba, tumbo lake likiwa kubwa kwa mimba ya huyu huyu Ndinda.

"Udongo wa mama yako uko hapa mpaka leo," akasema. "Wa jirani ulishabebwa na mto ukafika Malindi baharini. Basi kasomee. Labda ni yeye anakuita, si masista."

Ndinda alikuja na maneno ya kupigania kitu kidogo, akamkuta baba yake ameshampa kikubwa zaidi, kitu ambacho hata hakukiomba. Sasa alipolifikiria hilo, kicheko kilimwisha na machozi yakamlengalenga.

"Kweli ungeniacha niwe sista, Baba?"

"Si nilishanunua sweta."

Wakaenda wote watatu kando ya choo, Susu na mkongojo wake, kwa sababu kesho yake mtandao ungefungwa. Jua lilikuwa kali. Ndinda alipanda juu ya jiwe akiwa ameivaa ile sweta mpaka shingoni, jasho likimtiririka, akakataa kabisa kuivua. Akaelekeza uso upande wa Wote, akafuta unesi, akaandika kozi yake mpya, kidole kikabaki hewani.

"Soma nisikie," Mwau akasema. "Soma polepole."

Akamsomea. Mwau akarudia, sa-stei-na-bi-li-ti, sawasawa, bila sista na bila nabii.

"Bonyeza, mwaitu," akasema. "Na huyo mwalimu wa salamu?"

"Huyo ananiudhi tu, Baba."

"Sawa. Hatuna haraka," Mwau akasema, na akashangaa kuona kwamba ni kweli.