Mubirizi wa Mama Arlette

Jumanne asubuhi Mama Arlette alikuwa nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akitwanga majani ya mubirizi na kuyakamua ndani ya chupa sita. Dawa hiyo chungu alikuwa akiwanywesha watoto wenye minyoo tangu akiwa Bukavu, Kongo. Daktari Mbewe, Mmalawi aliyesomea Morogoro na kurudi na Kiswahili, alikuja kuzichukua chupa ili aijaribu dawa katika maabara yake Lilongwe na kuiandikia ripoti.

"Mu ile rapport, jina yangu itakuwamo?" Mama Arlette aliuliza.

"Litakuwamo, mama."

Hakutulia. Miaka kumi na minne kambini alikuwa akiitwa kwa namba ya kadi, na ahadi za mdomo alikwisha kuzizoea. Alhamisi aliomba kibali cha kutoka kambini siku moja, akapanda minibasi kwenda kuhakikisha.

Maabarani alikuta minyoo wa mbuzi, walioletwa kutoka machinjio ya Nathenje, wakiogelea katika maji ya mubirizi kwa afya njema. Alipovuka kizingiti walikufa wote. Alipotoka kunywa maji wakafufuka. Daktari alimwomba aingie na kutoka mara tatu, maana mara moja si utafiti, akaandika. Saa kumi na moja jioni kibali kilikwisha, na minyoo wakaanza tena kuogelea ingawa Mama Arlette alikuwa bado amesimama palepale. Minyoo nao wana sheria zao.

Utafiti ulihitaji mwezi mzima. Ofisi ya vibali ilikataa: mkimbizi hukaa kambini. Karani alikuwa mtu wa huruma, akatafuta njia. Vifaa vya maabara havihitaji kibali, alisema, hati ya mzigo inatosha.

"Utakubali kuandikwa kifaa, mama?" daktari aliuliza kwa aibu.

"Minyoo bakufe kwanza. Na jina yangu?"

"Litakuwamo."

Alisafirishwa nyuma ya pikapu, kati ya katoni ya glavu na mtungi wa gesi. Wiki nne alikaa kando ya darubini, akiinuka, akikaa, akihamisha kiti kutoka dirishani hadi mlangoni. Minyoo walikufa na hawakuamka. Kila asubuhi aliuliza habari ya jina, na kila asubuhi alijibiwa vilevile.

Ripoti ilipotoka, daktari aliileta mwenyewe Dzaleka. Mama Arlette alivaa miwani. Jalada lilikuwa na majina manne, lake halikuwapo. Alilipata ukurasa wa tisa, chini ya vifaa: darubini, moja, sahani za kioo, arobaini, Arlette Nabintu, moja.

Alilisoma herufi kwa herufi. Iliuma, lakini hakukuwa na kosa.

"Bameiandika muzuri," alisema. "Pikapu itakuja saa ngapi?"

"Jumatatu, saa moja. Kuna majaribio mengine."

Jumatatu saa moja askari wa getini alimkagua kuhakikisha hana ufa, akatia sahihi hati ya mzigo, na pikapu ikaondoka.