Alama ya Bluu Shingoni mwa Koili

Walimvua Ritah ufunguo kwanza, ndipo wakaita kikao cha kumuuliza kosa lake. Jambo hilo lilimkaa Provia kooni tangu alfajiri. Uji wake wa mtama aliuacha ukapoa mpaka ukafanya ngozi juu, yeye ambaye hata akiwa na homa hamalizi asubuhi bila uji.

Kikao kilikuwa saa tatu, Jumamosi, uwanjani kwa mwenyekiti Mable, hapo Dabani. Wanawake wa kikundi walikaa kwenye viti vyao vya plastiki, vile wanavyoazimisha watu wakiwa na msiba au harusi. Mbele yao lilisimama gari lao, Noah ya kijivu, waliyoipata kwa miaka mitano ya kuuza mihogo na kuchangishana, ili mwanamke akishikwa na uchungu asibebwe tena juu ya boda mpaka hospitali ya Masafu. Ufunguo wa gari hilo Mable alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, kifua mbele, kama msalaba wa askofu.

Ritah alisimama peke yake kando ya gari. Ni mjukuu wa Provia, aliyelelewa naye tangu ana meno mawili, na ndiye dereva wa kikundi. Wiki ile alikuwa akimpeleka Resty kujifungua. Walipoanza kupanda kilima gari likakohoa, likatetemeka kama mtu mwenye malaria, taa ya injini ikapepesa, nguvu zikaisha. Resty alimalizia safari juu ya boda ile ile waliyoikimbia, akiuma leso yake. Mtoto alizaliwa mzima. Lakini tangu siku hiyo Dabani nzima ilitaka mtu wa kubebeshwa lawama, na fundi Chrispinus akawapa.

"Mama zangu," Chrispinus alianza. Alikuwa na gereji mjini Busia, na ovaroli safi isiyo na tone la oili. "Mashine haina undugu na mtu. Mimi nimechomeka mashine hapa chini ya usukani, ikasema silinda namba mbili inakosa moto. Sisi tunaita misi. Sasa kwa nini inakosa moto? Petroli! Huyu msichana ananunua ile ya jerikeni, ya njia za panya. Imekula injini. Hapa ni kubadilisha injini nzima, hakuna dawa ingine. Na msifikiri nabahatisha. Gari yangu ile pale, injini ni hii hii. Baba moja, mama moja. Naijua kama nyumba yangu."

Alinyoosha kidole kwenye gari lake dogo jeupe, alilolipaki chini ya ukuta wa jiko. Wanawake wakaguna na kutikisa vichwa. Mpakani pale nani asiyeijua petroli ya jerikeni? Karibu kila mmoja wao aliwahi kuinunua, au mumewe, au shemeji yake. Gari likikohoa Busia, kabla hujafungua boneti, watu wameshaitaja jerikeni. Kwa hiyo hapakuwa na aliyeuliza ushahidi.

"Mimi nanunua kwa pampu," Ritah alisema. "Hata Resty ni shahidi, siku ile tulipitia pampu."

"Nyamaza!" Mable alisimama. "Tumekupa gari, umetufanya wajinga. Kidogo utuulie mtoto wa watu! Msichana ukimpa usukani anajiona ameolewa na serikali. Wanawake, mwaonaje? Tutafute dereva mwingine, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," wakaitika wachache. Wengine waliangalia vidole vya miguu yao.

Provia alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kuruka kama jogoo. Lakini yeye ni mtu wa kungoja, na katika kungoja kwake amejifunza kwamba mwenye hasira akisema kwanza, watu husikiliza hasira na si maneno. Akafunga kitenge chake upya, taratibu, akakaza fundo, ndipo akainuka.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza fundi."

"Mama mzee, wewe ni bibi yake," Mable alisema. "Utauliza nini zaidi ya kumtetea?"

"Mimi pia ni mtunza vyombo wa kikundi hiki, miaka kumi na mmoja. Gari si chombo?"

Mtu mmoja alicheka. Mable akakaa nusu, hakukaa wala hakusimama.

"Chrispinus, mwanangu," Provia alisema. "Mashine yako imesema silinda ngapi zinaumwa?"

"Moja, mama. Namba mbili."

"Na ziko ngapi?"

"Nne."

"Zote zinakunywa petroli ya tangi moja, au kila moja ina tangi yake?"

Chrispinus akatabasamu kwa huruma. "Tangi moja, mama mzee."

"Basi nieleze pole pole, maana mimi niliishia darasa la tatu. Nikipika mboga zilizooza, nikawapa watoto wanne kwa sufuria moja, ataharisha mmoja tu? Wale watatu wataenda kucheza mpira?"

Vicheko vilipasuka. Mwanamke mmoja aligonga paja la jirani yake. Chrispinus hakucheka.

"Mambo ya injini si ya mboga, mama."

"Sawa. Nionyeshe ya injini. Hamisha mgonjwa kitanda."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Alipoyasema, Chrispinus alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

Ilikuwa hivi. Gari liliponunuliwa, koili zake zilikuwa zimezeeka, nalo lilikohoa vilevile. Wakalipeleka Tororo kwa fundi aitwaye Tom, mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka. Provia alikwenda nalo. Siku mbili alikaa kwenye mkeka wake nje ya gereji, akichambua maharage, kwa sababu mtunza vyombo hakiachi chombo kwa mgeni. Tom alimwona anakodoa macho, akamfundisha bila kuombwa. "Angalia, Jajja," alisema, akimpa heshima ya bibi kwa Kiganda kama wengi wa huko. "Hii inaitwa koili. Kila silinda ina yake. Inashika umeme mdogo wa betri inaukuza, inapelekea plagi, plagi inarusha cheche, petroli inawaka. Koili ikifa, silinda yake inameza petroli bure, haiwaki, gari inatetemeka. Ukitaka kujua kama mbovu ni koili, ihamishe kitanda. Iweke kwa jirani. Kilio kikihama nayo, yeye ndiye mgonjwa. Kilio kikibaki pale pale, mwache, angalia plagi, angalia waya, angalia mengine."

Tom aliweka koili mpya nne. Kabla hajazifunga, Provia alitoa kwenye mfuko wake kikopo cha rangi ya mafuta, ya bluu, na kijiti. Tom alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kila kitu cha kikundi kina alama ya Provia, na bila hiyo hakuna kinachorudi kutoka matangani: sufuria, beseni, mwiko, viti. Mistari miwili na nukta. Tena haiweki juu, kwa sababu alama ya juu ni kumwonyesha mwizi pa kusugua. Sufuria anaiwekea chini ya kitako. Koili aliziwekea shingoni, pale panapozama ndani ya injini.

Tangu hapo gari halikumsumbua mtu, hadi safari ya Resty. Lakini mwezi uliopita Provia alikuwa amekwenda matanga ya dada yake kule Paya, siku nane. Katika siku hizo Mable aliona Tororo ni mbali, akaamua gari lipelekwe kwa Chrispinus kubadilishwa oili. Likashinda huko na kulala huko. Hapakuwa na mtu wa kukaa kwenye mkeka.

"Kuhamisha koili ni kazi bure," Chrispinus alisema sasa. "Nimeshasema ni petroli."

"Inachukua muda gani?"

"Hata kama ni dakika tano..."

"Dakika tano!" Provia aliwageukia wenzake, na hapo sauti yake ikapanda yenyewe. "Jamani, mnataka kumvua mtoto wa mtu kazi yake na jina lake, na fundi anaona uvivu wa dakika tano? Mimi nimewapikia kwenye misiba yenu nyote. Nimeomba nini hapa? Dakika tano!"

"Afungue!" alisema Abbo, mama mkwe wa Resty. "Mjukuu wangu karibu azaliwe kwenye majani. Na mimi nataka kuona."

Chrispinus alifungua boneti. Akatoa kifuniko cha plastiki, akachomoa soketi mbili, akafungua bolti mbili, akavuta koili ya pili na ya tatu. Aliposimama nazo, moja kila mkono, Provia alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Alitazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. Akaona. Kitu kimoja kwanza.

"Badilisha," alisema. "Ile ya pili iende kwa tatu."

Fundi akabadilisha. Akafuta makosa ya zamani kwenye mashine, macho yote yakiwa mikononi mwake. Mable alitoa ufunguo shingoni akautumbukiza mwenyewe, akawasha. Gari likakohoa. Likatetemeka vilevile mpaka vioo vikalia. Wakangoja. Taa ikaanza kupepesa.

"Soma," Provia alisema.

Chrispinus aliigeuzia mashine kifuani.

"Fundi, mashine haina undugu na mtu," Ritah alisema polepole. "Soma."

"Namba tatu," akasema.

"Na namba mbili?" Abbo aliuliza.

"Mbili... sasa iko sawa."

"Kwa hiyo petroli imetoka silinda ya pili ikahamia ya tatu?" Provia aliuliza. "Kwa miguu, au ilipanda boda?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Chrispinus alijifuta jasho kwa ovaroli yake safi. "Sawa, ni koili. Koili zinakufa, mama zangu. Ni kitu cha kawaida. Nilisema petroli kwa sababu, si mnajua, hapa mpakani..."

"Zima gari. Itoe hiyo mbovu. Zitoe zote, uzilaze hapa kwenye kiti."

Akazitoa, akitahadhari na moto wa injini. Nne zililala juu ya plastiki nyeupe. Tatu zilikuwa na mistari miwili na nukta shingoni, bluu iliyoungua kidogo lakini bado bluu. Ya nne ilikuwa imechakaa, mpira wake umepasuka, ya kuvumilia tambarare na kufia kilimani, na shingo yake tupu. Provia aligeuza kiti kilekile kichwa chini miguu juu, koili akiwa amezikusanya kwenye kitenge chake, akawaonyesha wanawake alama iliyo chini ya kiti. Mistari miwili na nukta.

"Alama yangu iko wapi kwa hii ya nne, Chrispinus?"

"Alama gani? Hiyo bluu?" Maneno yalimtoka haraka kuliko akili. "Hiyo si ya kiwandani? Zinakuja nayo."

"Kiwanda kipi kinachotumia rangi ya viti vyetu?"

Hata Mable aliangalia viti, kisha koili, kisha gari dogo jeupe chini ya ukuta wa jiko. Baba moja, mama moja. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema.

"Fungua boneti yako," Provia alisema.

"Mama, hiyo ni gari yangu binafsi."

"Fungua."

"Nitachelewa, nina mteja Malaba..."

Abbo alikwenda akakalia boneti ya lile gari, miguu ikining'inia. Mwingine akakaa mbele ya gurudumu na kiti chake. Hakuna aliyemgusa fundi. Walikaa tu, kama watu waliokuja matanga na hawana haraka ya kuondoka. Chrispinus aliangalia huku, akaangalia kule, mwishowe akatoa ufunguo.

Koili ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilitoka na shingo ya bluu.

"Unajua ulichokifanya?" Provia hakupiga kelele, ila kila neno lilisikika mpaka barabarani. "Ulitoa koili nzima kwenye gari la wazazi, ukatuwekea maiti yako. Resty akapandishwa boda na uchungu wake. Kisha ukaja hapa, ukanywa chai yetu, ukamwonyesha kidole mtoto huyu. Na ungetubadilishia injini nzima! Mwizi wa sufuria naweza kumwelewa, pengine ana njaa. Wewe una njaa gani?"

Chrispinus alisema maneno mengi kuhusu haraka, na vijana wa gereji, na bahati mbaya. Hakuna aliyeyapokea. Ritah alichukua koili mkononi mwa fundi bila kumtazama, akairudisha na zile tatu, akafunga bolti, akabonyeza soketi mpaka zikalia. Abbo akawasha. Injini ikaunguruma chini chini, sawa sawa, kama paka aliyeshiba.

Mable, aliyekwisha kurudi kitini kwake, akapiga makofi mawili. "Basi, tumshukuru Mungu. Fundi kamati itamshughulikia. Ritah mwanangu, yameisha. Njoo, nakurudishia ufunguo wako."

Ritah alipiga hatua moja. Provia akamshika mkono.

"Hayajaisha. Mwenyekiti, ulipomlaumu kwa petroli ulikuwa umesimama. Sasa unamwita aje kwako, nawe umekaa."

Wanawake wote walimgeukia Mable. Upepo ulipeperusha kona ya kitenge chake. Kisha akainuka, akauchukua ufunguo garini, akavuka uwanja mzima kwa miguu yake, mbele ya kila mtu, mpaka pale Ritah aliposimama.

"Nilikosa," alisema.

"Sauti," Abbo akasema nyuma.

"Nilikosa, Ritah! Nilikusemea uongo bila kuuliza. Nisamehe."

Ritah aliupokea ufunguo. Hakujibu, na Provia hakumlazimisha kujibu; msamaha nao una muda wake.

Jumatatu yake gari lilipokuwa likisafishwa, Provia alikuja na kikopo chake na kijiti. Akamwambia Ritah afungue boneti tena, kwani zimebaki plagi nne, na betri.