Mkono Kwenye Bango

Mabango yote nje ya geti la maabara yalikuwa na picha moja: sungura mweupe, macho yamevimba mekundu kama nyanya zilizopasuka, kashikwa shingoni na mkono wenye vidole vinne. Chini yake wameandika: MUUAJI NI HUYU.

Nne aliiona kabla hajafika getini. Mkono ulikuwa wake. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikatwa na mlango wa kizimba mwaka wake wa kwanza kazini, na tangu hapo hata mama yake alimwita Nne. Picha nayo ilikuwa yake. Aliipiga mwenyewe, kwenye chumba wanachojaribia dawa ya macho, akawatumia hawahawa watetezi wa wanyama wenye mabango, bila kujitaja. Mkono hakuufikiria. Alifikiria macho ya sungura.

Akauchomeka mkono mfukoni, akapita kichwa chini.

"We! Unafanya kazi humo?" Jamaa mmoja, kifua kama kabati, alimdaka kola.

"Naosha vizimba tu, ndugu yangu."

"Toa mkono mfukoni."

"Mkono una baridi."

"Jua lote hili?"

Wakamvuta. Mkono ukatoka. Mtu akapiga kelele: "Ndiye! Hesabuni vidole!"

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, jino likamlalia ulimini. Ya pili hata hakujua ilikotoka. Mti wa bango ukamvunjikia mgongoni.

"Leteni hiyo dawa, tumtie na yeye machoni aone raha yake!"

"Mi ndo..." alianza Nne. Buti likamwingia mbavuni, maneno yakatoka damu tupu.

Geti likafunguka. Kaka yake, mkuu wa walinzi, alitoka na rungu. Hakuuliza. Alimpiga yule kabati gotini, goti likalia kama kuni kavu. Akamgonga mwingine kisogoni, akamburuta mdogo wake ndani na kubamiza geti.

"Washenzi! Wanataka kuniulia mdogo wangu!" Alikuwa analia, jitu zima lile. Akavua shati, akaanza kumpangusa damu. Kipande cha bango kilikuwa kimemganda Nne mgongoni. Kaka akakibandua akichane. Akasita.

Wiki nzima alikuwa anamsaka aliyepiga ile picha, bila yeye mwenyewe kuiona. Bosi alishamwambia: usipompata, utaondoka wewe.

"Mkono wa kushoto umeshika sungura," alisema polepole. "Wa kulia ulikuwa wapi?"

Nne akatema damu.

"Nakuuliza, mdogo wangu! Mimi nilikuombea kazi hii kwa mdomo wangu. Wanangu watakula nini, sungura?"

"Kaka, ungeyaona yale macho..."

Kofi likamkatisha. Kaka alifungua geti, akampiga teke la kiuno. "Nenda kwa wenzako!" Komeo likarudi mahali pake.

Nje walishaokota mawe. Mdomo wa Nne ulikuwa umevimba, haupitishi neno. Basi akainua mikono. Wa kushoto akaukunja kama aliyeshika shingo. Wa kulia akauweka mbele ya uso, kidole gumba kinabonyeza hewa. Klik. Akarudia. Klik.

Binti mwenye kipaza sauti, ambaye ile picha iliingia kwenye simu yake, alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili. Rangi ikamtoka.

"Acheni! Huyu ndo aliye..."

Jiwe likishatoka mkononi halina masikio. Lilimkuta Nne juu ya jicho. Akapiga magoti, mkono wa kulia bado uko juu, gumba linabonyeza.

Nyuma yake komeo lilianza kugongagonga. Kaka alikuwa analivuta kwa mikono miwili, analia akiita jina la mdogo wake, lile alilopewa na baba, sio hili la vidole. Lilikuwa limekwama. Komeo halikufunguka.