Karata za Mfalme Tai

Nchi ya ndege ilitawaliwa na Mfalme Tai, na Mfalme Tai alipenda karata kuliko alivyopenda raia. Siku moja akachoka na karata zake za maua. Akaamuru zichorwe mpya, kila nyumba itoe kinda mmoja picha yake iwekwe humo.

Mama gani hapendi mwanawe achorwe? Foleni ikazunguka ngome. Mama Kanga alimwogesha Madoa wake kwa umande, akamchambua doa kwa doa, akamgombeza mchoraji Mnana kwamba shingo ameifanya fupi. Picha ilipokwisha ilikuwa nzuri mpaka akalia. Mfalme na wazee wa baraza nao walichorwa, na picha zao zilipakwa dhahabu, tabaka juu ya tabaka.

Zilipokauka, Kasuku, msemaji wa baraza, akasoma sheria. Nyoka wanasumbua mpakani, askari wanatakiwa. Karata zitachangwa, mzee Korongo atafumba macho achomoe moja, na aliyechorwa humo ataenda, awe nani, hata Mfalme. Ndege wakapiga mabawa. Haki gani tena zaidi ya hiyo?

Akaenda mtoto wa Njiwa. Akaenda wa Mbayuwayu. Hawakurudi. Kisha akachomolewa Madoa.

Mama Kanga akaingia barazani bila kuitwa. Hakulia. Aliomba achomoe tena yeye mwenyewe, amefungwa kitambaa machoni. Tai akacheka, akasema mpeni, mama ana uchungu.

Mama Kanga akapitisha ubawa juu ya karata zilizofunikwa, taratibu, kama anayechambua mchele gizani. Nyingi zilikuwa nyembamba. Chache zilikuwa nene, dhahabu imezivimbisha. Akachomoa nene kuliko zote, akaifunua mezani. Ilikuwa ya Tai.

"Mzee Korongo," akasema, "hii ukucha wako uliiruka mara zote?"

Korongo akatazama miguu yake.

"Mama Kanga, mwanangu," Kasuku akamwambia kwa upole, "umechomoa kwa hasira. Karata ya hasira haihesabiki."

Madoa akaondoka asubuhi. Habari zikaenea, ndege wakanung'unika, wengine wakaanza kuokota mawe. Tai naye si mjinga. Akatangaza kwamba mama yule kasema kweli, karata za dhahabu zinaharibu mchezo. Zikatolewa zote, zikatundikwa ukutani. Zilizobaki zililingana unene, hakuna upendeleo tena. Ndege wakadondosha mawe, wakashangilia.

Nafasi za waliokufa zikataka sura mpya. Foleni ikazunguka ngome tena. Mama Kanga akapita kando yake, kwapani unyoya wa Madoa ulioletwa kutoka mpakani, akiwasihi akina mama warudi nyumbani na watoto wao.

Mama Chiriku alikuwa akimchana mwanawe kishungi. Hakugeuka.

"Wako si alishachorwa, mwenzangu?" akasema. "Tuachie na sisi zamu yetu."