Analipwa cha Pemba

Jambo lenyewe lilianza kwa uongo mdogo, tena uongo wa mapenzi, na Suhaila aliusema huku anacheka.

Alikuwa ndiyo kwanza amehamishiwa Dar es Salaam. Kazi yake kodi, lakini si kodi hii ya kila mtu. Yeye alichunguza bei ambazo kampuni mama na kampuni tanzu zake za nchi nyengine huuziana, zisije zikaficha faida pale kodi inapouma. Wanaoiweza kazi hiyo ni wachache, ndiyo maana hulipwa vizuri. Hulipwa vizuri, ila inategemea umekaa wapi! Ofisi yao ililipa kwa cheo na kwa kanda: Nairobi juu, Dar ikifuata, kisha Unguja, na Pemba mkiani, ati kwa kuwa maisha ya Pemba rahisi. Rahisi! Aliyeyasema hayo hajapata kwenda soko la Chake siku samaki wameadimika. Suhaila alifanya kazi Chake mpaka akawa mshauri mwandamizi, na bado kijana aliyeajiriwa Dar juzijuzi alimpita mshahara. Alipohamishwa, kwa cheo kile kile na kichwa kile kile, mshahara ukawa mara tatu.

"Mwanangu, huko wanakulipaje?" mama yake, Bi Asya, alimuuliza kwa simu kutoka kwao Wambaa, Pemba.

Sasa, Bi Asya sikio lake la kushoto lilikuwa zito, na simu yake ilipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Suhaila aliwasikia majirani wamenyamaza kimya, wanangoja jibu. Na nani aliyemfundisha kwamba ukipata unyamaze, watu wana macho? Bi Asya huyo huyo. Binti alipofaulu vizuri kuliko wote skuli, mama aliwaambia watu, "Kapasi, kidogo tu," kisha akaenda uani kumsomea dua asidhurike kwa kijicho.

"Kama zamani, mama," akajibu. "Niliajiriwa Pemba, basi nalipwa cha Pemba."

Majirani wakaguna kwa huruma. Suhaila alikusudia kumwambia mama ukweli wakiwa wawili tu. Ikaja Idi, nyumba imejaa watu. Ikaja Idi nyengine, akasema atamwambia safari ijayo. Tusimtetee, aliona uvivu. Pesa alituma, kwa kiasi, ili uongo usimame, na hata hizo mama alizilalamikia: "Weye utakula nini?" Akampelekea pweza mkavu na unga wa muhogo kwa kila aliyesafiri, na Suhaila akawagawia wenzake ofisini, akiona raha kupendwa vile.

Kumbe mama ana uvimbe kwenye titi. Daktari alimwambia mapema, aende Dar upesi, bado unatibika. Aliyejua ni mdogo wake tu, Khairiya, naye akafungwa mdomo.

"Ukimwambia Suhaila, mie na weye basi," Bi Asya alimwambia. "Mtoto analipwa cha Pemba, anaishi kwa bei za Dar. Nimkamue nini tena?"

Akanywa makombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akajipaka majani, akasema ni jipu. Msimu wa karafuu ukaisha, ukaja mwengine. Siku aliposhindwa kuinuka kitandani, Khairiya akavunja ahadi, akapiga simu.

Suhaila alikuja na ndege ya asubuhi, akamchukua mama yake mpaka hospitali ya Dar, akalipa kila alichoambiwa bila kuuliza bei. Daktari alizitazama picha, akavua miwani. Mngekuja mwaka jana, alisema. Bi Asya akaomba arudishwe kwake Wambaa, na wakamrudisha.

"Lakini kwa nini hakuniambia?" Suhaila aliuliza jikoni, machozi yamemjaa. "Kwa nini, mama mdogo?"

Khairiya aliendelea kukuna nazi bila ya kumtazama. "Mshahara wako, mwanangu. Alikuonea huruma."

Ya Rabbi! Suhaila akakaa pale pale sakafuni. Kazi yake mwaka mzima ni kuwafichua wanaosema wamepata kidogo. "Nimemuua mama yangu," akasema. Khairiya akamwambia asikufuru, ajali ni ya Mungu, na akaacha nazi akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Baada ya alasiri, chumba kilipobaki na wao wawili, Suhaila aliinama kwenye sikio zima la mama yake akamwambia yote. Kanda, cheo, na kiasi chenyewe, shilingi kwa shilingi. Akamwambia tangu lini. Kisha akaomba radhi.

Bi Asya aliinua macho juu darini.

"Kwa hivyo hukulala na njaa?"

"Sikulala na njaa, mama. Hata siku moja."

"Na yule pweza?"

"Nilimla," Suhaila akasema, na huo nao ukawa uongo.

"Alhamdulillahi." Machozi yalimteremka Bi Asya mpaka kwenye mto. "Radhi unayo, mwanangu. Mashaallah, pesa zote hizo!" Akageuza uso kwa shida, akautazama mlango. "Umeufunga?"

"Nimeufunga, mama."

"Usimwambie mtu," Bi Asya akanong'ona. "Watakudhuru."